Hata Kwato Moja

Pito, Sumbawanga
11 Mei 1997

Kwako dada Kija,

Shikamoo dada yangu. U hali gani huko, na jino je? Nauliza jino kabla ya kuuliza mvua, unisamehe, maana tangu tulipopata barua yako ya mwaka jana kila nikitafuna muhindi wa kuchoma nakukumbuka. Sisi huku tu wazima. Mama mzima, magoti ndiyo yanamsumbua kwa hii baridi, ila ulimi wake haujawahi kuugua hata siku moja. Mimi mzima, bado nakaa na cherehani yangu barazani kwa Mwanaheri mwenye duka, pale Majengo mjini. Siku hizi nguo mpya hashoni mtu, mitumba imejaa hadi kwenye matawi ya miti, na kazi yangu kubwa ni kupunguza suruali za Wazungu waliokula wakashiba. Habari za baba nitakueleza, ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Aliyekuletea barua hii mpe maji ya kunywa. Mpe na kiti, ila akikataa kiti akakaa chini, mwache hapo hapo chini, usibishane naye. Jembe lake liegemeze ukutani. Usimwulize neno lolote kwanza. Tumekubaliana mimi na yeye kwamba hatasema kitu mpaka umalize kusoma, nami nakujua ulivyo, tangu utoto ukipewa karanga unaanza na zile za chini ya mfuko. Usiruke kurasa, dada. Soma kwa mpango.

Unamjua baba na Maandiko. Kusoma hajui, hata jina lake, Masanja, hulitambua kwa ile M ya mwanzo tu, lakini kila jioni kabla ya ugali ananiita nilete Kitabu. Na si Agano Jipya. Baba anapenda yale ya kale, yenye manabii wakali, mahali ambapo wafalme wanakaripiwa. Anampenda yule mfalme wa Babeli aliyejisifu darini akaishia kula majani kama ng'ombe. Anampenda Uzia aliyeshika chetezo kisicho chake, ukoma ukamtoka kwenye paji la uso makuhani wakitazama. Mama husema baba anawasikiliza wafalme wakichapwa kama wenzake wanavyosikiliza mpira redioni. Ndivyo alivyokuwa mzee wa kanisa letu, na Wasukuma wote wa upande huu wa Pito walimwogopa kidogo, Baba Kija huyo, maana huku wote wanamwita kwa jina lako.

Barua yako ya jino ilifika mwezi wa nane. Nilimsomea yote, na pale ulipoandika kwamba mumeo alikupiga kwa mpini jino likatoka, na kwamba wanakuita mti usiozaa, nilisoma polepole makusudi. Ulipoomba urudi nyumbani nilisoma mara mbili. Baba alisimama akaenda zizini, akakaa huko akiwapapasa ng'ombe mpaka giza likaingia. Mama alimfuata, akarudi amefura, na kwa siku kadhaa alikuwa anamwekea chakula bila neno, sahani ko! mezani, basi. Tulikumbuka alivyokurudisha mara ya kwanza, na mara ya pili, akisema mahari imeshaliwa na mke ni wa huko alikoolewa. Niseme ukweli, dada, nilimchukia. Nilimsomea manabii jioni huku nimemchukia.

Halafu mwezi wa tisa ng'ombe wakaanza kukohoa. Ni homa ya mapafu. Ng'ombe anasimama amenyoosha shingo, miguu ya mbele ameitanua, anakohoa kama mzee wa kiko. Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake akakagua mazizi yote. Waliokohoa aliamuru wachinjwe wafukiwe. Waliobaki akawapiga karantini, isitoke zizini hata kwato moja mpaka atakaporudi mwenyewe kusema sasa basi. Alieleza vizuri kwamba ugonjwa huu una hila, ng'ombe anaweza kuwa mnono, anatoa maziwa, kumbe kifuani amebeba kifo cha wenzake.

Wafugaji walinung'unika, si unawajua watu wetu na ng'ombe. Kuna waliotaka kuwahamisha usiku usiku kuelekea bondeni. Nani aliyewanyamazisha? Baba! Jumapili ile alisimama kanisani akahubiri Sauli. Alisema Mungu alimwagiza Sauli asibakize kitu cha Waamaleki, hata mnyama, naye Sauli akaua wale dhaifu, wale wanono akawaacha. Samweli alipokuja, Sauli akamwambia kwa uso mkavu kabisa kwamba kila neno limetimizwa. Ndipo nabii akamwuliza, kama limetimizwa, mbona nasikia ng'ombe wanalia? Baba alipofika hapo alitega sikio dirishani, na kanisa zima likatega, na haki ya Mungu, huko nje ng'ombe akalia. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Baba akasema Sauli alijitetea kwamba wale wanono ni wa sadaka, akajibiwa kwamba Mungu hakuomba sadaka, aliomba kutiiwa. Watu walirudi nyumbani wakafunga mazizi yao kwa minyororo.

Sasa nikueleze habari ya ng'ombe mmoja. Katika ng'ombe wa mahari yako, wengi waliishia njiani tulipohamia huku, na waliofika wakapungua, wengine wakamwolea kaka mke. Uliobaki ni uzao wa mmoja tu, ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Baba alikuwa haruhusu mtu mwingine amkamue. Mvua za kwanza zilipoanza, alituambia yule mwekundu ameanza kukohoa, amemchinja na kumfukia mwenyewe ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Nani amwulize mzee wa kanisa?

Lakini mimi niliona kitu. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda mjini kazini, ukungu umelala njia nzima. Ukungu wa huku ukiwa ndani yake huoni miguu yako, unaisikia tu ikikanyaga, na jogoo wa nyumba za mbali unadhani anawika begani kwako. Mbele yangu nikaona baka jeupe linakuja, baka tu, bila ng'ombe. Likanipita taratibu, karibu kabisa, nikasikia joto lake. Nyuma yake ikapita kofia ya baba. Nikasema shikamoo baba. Kofia haikujibu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, ukungu tu na harufu ya zizi, nami nimesimama pale na begi langu la nyuzi nikijiuliza kama kweli nimeshaamka. Jioni nilimsimulia mama, akasema mimi naota nikiwa natembea, na ni kweli huwa naota, hata wewe ulikuwa unanicheka. Nikajiambia nimeona mzimu wa ng'ombe wa dada yangu. Usiniulize kwa nini mzimu ulikuwa na joto.

Krismasi ilipokaribia akaja Leonardi. Huyu ni rafiki wa baba, Mfipa wa kule Mollo, mtu mpole, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, mmoja akimwita Soko na mwenzake Huria, kwa sababu aliwanunua mwaka ule wenye malori walipoanza kuja mpaka mashambani kununua mahindi kwa bei ya maana. Mbolea ya ruzuku ilipoondolewa na watu wengi wakarudia matuta yao ya zamani, yeye alilima na maksai wake akiimba. Basi siku hiyo alikuja na gunia la maharage kichwani kwa mkewe na ulezi mkononi mwake, wamevaa nguo za kanisani, na watoto wao nyuma. Alisimama uani kwetu akasema amekuja kumshukuru Baba Kija kwa ng'ombe wa kukamua.

Unaijua desturi yetu, rafiki unampelekea ng'ombe akae naye, maziwa ni yake, ng'ombe ni wako. Heshima gani inapita hiyo? Leonardi alisema hajawahi kusikia Mfipa amepewa ng'ombe namna hiyo na Msukuma, kwamba mtoto wake mdogo amenenepa mpaka mashavu yanamzuia kuona, kwamba hata padri amepelekewa maziwa na ameuliza yametoka kwa nani. Alimsifia yule ng'ombe, utulivu wake, na lile baka lake jeupe usoni. Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Alisema karibu, karibu. Mama alikuwa anapepeta, ungo ukasimama hewani. Wageni walipoondoka wakituombea baraka, mama akasema, bila hata kugeuka, kwamba anasikia ng'ombe analia.

Baba alikuwa mkali. Alisema yule ng'ombe hana ugonjwa, amemwangalia kwa macho yake mwenyewe, hajakohoa hata mara moja, na kwamba ni mmoja tu. Mama akamwambia hata Sauli alikuwa na sababu. Baba akasema ipo sababu na haiwahusu wanawake, akavaa kofia akatoka. Tulidhani ni kiburi cha mfugaji, basi. Jioni alipoita Kitabu nikafungua Samweli kwa makusudi, nami nina roho mbaya nikitaka, akasema leo hapana, nisome Zaburi. Tena nisome zile fupi.

Mwezi wa kwanza Huria akaanza kukohoa. Halafu Soko. Leonardi alikuwa amelima nusu ya shamba, nusu nyingine imesimama na majani yake. Aliwatia dawa za miti, akawafunika magunia kwenye mvua kama watoto, akawaimbia. Wakafa wote wawili. Alilia hadharani, mwanaume mzima, na wala watu hawakumcheka.

Sasa sikiliza ubaya unavyozaa. Homa ya mapafu haikuwahi kufika Mollo, na kila mtu alijua mazizi ya Wasukuma yamefungwa, na yule mwekundu hakukohoa, tena ametoka kwa mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuna aliyeiwaza homa. Walimwaza Bibi Kristiana. Huyu ni mjane, jirani yake Leonardi, mkali kama pilipili, na walikuwa wamegombana kidogo juu ya mpaka wa maharage. Wiki chache kabla maksai hawajaugua alisimama njiani akawasifia, akasema wamenenepa hawa. Ikatosha! Hata huko kwenu najua wanavyoisema Sumbawanga kwa uchawi. Vijana walianza kurusha mawe juu ya paa lake. Leonardi mwenyewe, mtu wa kwaya, akasema bibi ahame kabla watu hawajamchomea nyumba. Kikawekwa kikao Jumapili, alasiri, kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Habari hizo zilimfikia baba siku ya Jumatatu. Jumanne hakula. Jumatano alikuwa na safari ya kwenda Mollo, akafika kwenye kijito akarudi. Mama hakumsema hata kidogo, na ujue mama akinyamaza ni hatari. Usiku wa kuamkia Ijumaa niliota baba amesimama mbele ya kanisa amefungua Kitabu, na mahali pa maandishi pameota majani mabichi yenye umande, naye ameinama anayala polepole, na sisi tumekaa kwenye mabenchi tunaitikia amina. Asubuhi nilimsimulia mama, baba akiwa pale pale anakunywa uji. Aliweka bakuli chini. Alinitazama kama vile kuna aliyenituma nimwambie.

Kikaoni tulikwenda sote watatu. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu unapanda kutoka mashambani, watu wa mwisho kabisa kwenye mkutano huoni nyuso zao, unaona miguu tu. Bibi Kristiana alikuwa amekaa chini kwenye tope, peke yake, na kifurushi chake ameshakifunga, sufuria imechungulia kwenye kanga. Baba walimpa kiti cha mgeni, kile kimoja chenye egemeo. Halafu mwenyekiti akasema kwa kuwa Mzee Masanja ni mtu wa Mungu, na ni rafiki wa aliyepatwa na msiba, basi yeye aanze kusema, wengine wafuate neno lake.

Dada, laiti ungemwona. Alisimama, akasema Bwana asifiwe, watu wakaitikia. Akakohoa kidogo. Nikadhani sasa anahubiri, sasa anatafuta mfalme wa kumkaripia. Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Baba akavua kofia. Akakinyanyua kile kiti, akatembea nacho katikati ya watu mpaka kwa Bibi Kristiana, akamwomba akalie. Bibi alikataa, alidhani ni mtego. Akamwomba tena. Bibi alipokalia, baba akakaa chini pale pale kwenye tope alipokuwa bibi.

Akasema hapa hakuna mchawi. Akasema ng'ombe aliyeleta homa Mollo ni wake, alimtoa kwenye karantini kwa mkono wake, akamvusha ukunguni, akamwita zawadi. Akasema alisimama mbele ya watu akawafundisha habari za Sauli, akadhani yeye ni Samweli. Hapo sauti ilimkatika, akarudia kwa Kisukuma, na hata wasiojua Kisukuma walielewa.

Kelele ilikuwa kubwa. Wapo waliotaka kumpiga, kijana mmoja alimtupia donge la tope likampata begani, baba hakulipangusa. Leonardi alizunguka ule mkutano kama mtu aliyepoteza njia. Mwisho akaja akasimama mbele ya baba, akasema maksai Mungu akipenda watapatikana. Lakini ile asante aliyoileta nyumbani kwetu, amevaa suti yake, mbele ya watoto wake, ile baba atamrudishiaje? Mimi ndipo nililia, na mama akalia.

Bwana mifugo alikuja akamchinja yule mwekundu, na wetu wengine wengi, na karantini ikaongezwa kwa watu wote. Wasukuma wenzetu wengine mpaka leo hawatusalimii. Kanisani walimweka baba benchi la nyuma, akasema hapo ndipo pa haki yake. Alitaka kumlipa Leonardi maksai wawili, akakumbuka hawezi, isitoke hata kwato moja. Angetoa ng'ombe angekuwa ametoka kirahisi. Basi akachukua jembe.

Wafipa wana matuta yao ya duara. Wanakata majani mabichi na udongo wake, wanayalundika, wanayafukia yaoze ndani yawe mbolea. Baba tangu tumefika huku alikuwa anayacheka, anayaita makaburi ya majani, kazi ya watu wasio na ng'ombe. Mwezi wa pili wote, na wa tatu, alikuwa Mollo kwenye ile nusu ya shamba la Leonardi isiyolimwa, amepinda mgongo anazika majani. Alikuwa anatoka nyumbani kabla ya ukungu kuondoka, unamsikia tu anavyokohoa njiani. Siku za kwanza Leonardi hakuja hata kumwona. Aliyekuja ni Bibi Kristiana. Alisimama akatazama, akamwambia Msukuma wewe, tuta lako limekaa kama kofia iliyokaliwa. Akambomolea. Akamwonyesha. Kesho yake akarudi akabomoa jingine. Baba, mtu ambaye hajawahi kurekebishwa na mwanamke isipokuwa mama, alikuwa anasema ndiyo bibi, asante bibi. Shamba lilipokaribia kwisha Leonardi alikuja na jembe lake akaanza upande wa pili. Hawakuzungumza. Walikutana katikati, akamkaribisha nyumbani, wakala maharage.

Siku hiyo hiyo, dada, baba aliniambia. Nilikuwa nimempelekea togwa, tukakaa pembeni ya shamba lile lililokwisha, matuta yote yamevaa ukungu mpaka shingoni. Nilikuwa bado na lile swali langu, nikamwuliza sababu aliyokuwa nayo ambayo haiwahusu wanawake.

Alisema ni Kija.

Alisema nilipomsomea habari ya jino alikwenda zizini kwa sababu hakutaka tumwone. Aliamua siku ile ile kwamba atarudisha mahari akuchukue. Lakini kwa akili yake mahari hairudishwi na ng'ombe wa kuokoteza, lazima atangulie mmoja wa damu ya wale waliotoka kwao, ndipo wakwe wasiwe na neno. Aliyebaki ni yule mwekundu tu. Alikuwa akimwita Kija, wakiwa peke yao. Karantini ilipokuja na wenzake wakaanza kuanguka mmoja mmoja, alimwona ni wewe umesimama pale katikati ya wanaokufa. Alikurudisha mara mbili wewe mwenyewe, alisema, mara ya tatu hakuweza. Ndivyo alivyomtoa, akamficha kwa Leonardi kwa jina la zawadi. Na alipokwisha kunieleza akasema, unaona Rhoda, hata wangu alikuwa wa sadaka.

Nilikuwa nimemchukia miezi yote ile. Nilimpa togwa, akanywa.

Jioni aliita Kitabu, akataka Naamani, yule jemadari mwenye ukoma aliyekwenda kwa nabii na fedha na dhahabu na nguo za sikukuu, asiombwe hata kimoja, akaambiwa nenda kaoge mtoni. Akanifanya nirudie pale Naamani anapokasirika. Halafu akasema ng'ombe wa kutoa hana, basi ataondoka mikono mitupu. Atakwenda Mpanda kwa basi, na kutoka Mpanda treni, mpaka atakapofika. Atakaa chini kwenye ua wa wakwe zake aombe mtoto wake. Wakikataa, atawalimia. Yakobo alichunga kwa Labani kwa ajili ya mke, yeye atalima kwa ajili ya binti, na sasa, alisema, kuna bibi amemfundisha. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Ndiye aliyetia mpini mpya kwenye jembe.

Nilimwambia akueleze yote haya mwenyewe kwa mdomo wake. Alisema mbele ya Mollo nzima aliweza, mbele ya Kija hawezi. Ndiyo maana nimeandika mimi, na nimemsomea kila neno kabla ya kufunga bahasha, hata lile la kumchukia. Alisema liache.

Mama anakusalimu sana, anasema kitanda chako kimeshatandikwa na anayekuita mti usiozaa aje aseme mbele yake. Leonardi anakusalimu, hajawahi kukuona lakini anasema anakujua kwa jina. Bibi Kristiana anakusalimu, amesema ukifika upelekwe kwake kwanza. Wasalimie wote walio wema kwako huko, nadhani ni wachache.

Sasa inua macho, dada, umtazame huyo aliyekaa chini. Amepungua, eeh? Usishtuke. Ana neno moja la kukwambia, amelibeba kutoka huku, na nimemwambia asilitoe mpaka akuone umekunja karatasi. Hajui kusoma, anasubiri mikono yako.

Ikunje, Kija.

Mdogo wako akupendaye,
Rhoda